Kaombe chumvi, mwanangu

Marahaba mwanangu. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa barazani peke yangu hapa Makorora wenzangu wote wameshalala. Umeniuliza, "Baba, hivi hosteli watu wanapataje marafiki, maana mi mwezi wa tatu huu ni mambo, poa, afu kila mtu anarudi kwenye simu yake, mimi huku ni bloku na namba ya chumba tu." Na mwisho ukasema bora uhame hizo hosteli za Magufuli hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukapange geto Changanyikeni. Nikaona hili silijibu kwa voisi, naandika, usome taratibu.

La geto nilimalize haraka. Hela tungejikunja tukapata. Ila utahama na upweke wako uleule, uongezee kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo na kutembea usiku ukitoka diskasheni. Kaa kwanza.

Sasa hiyo "namba ya chumba tu" ndo imenikamata, maana nimemkumbuka babu yako. Babu alitoka Songea miaka ya 50 akaja huku Tanga kwenye mashamba ya mkonge, manamba. Na wakiitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba, ukifika kambini cha kwanza namba, jina baadae. Wangoni, Wahehe, Waha, Wabena, wote wamerundikwa kwenye mistari ya vyumba, hamna anayemjua mwenzie, wengine Kiswahili chenyewe wanajifunzia hapohapo. Alfajiri giza mnatoka kukata mkonge, jioni mmerudi mikono imechomwa miiba, mtu anapika kaugali kake analala. Simu hakuna, na bado babu alikuwa anasema miezi ya mwanzo unaweza kulala na mtu ukuta mmoja usijue hata anaitwa nani. Kwa hiyo usiilaumu simu sana mwanangu, watu wageni ndo walivyo, kila mmoja anamsubiri mwenzie aanze.

Babu alivyoanza yeye ni kwa chumvi. Walikuwa wanapewa posho, unga na maharage, yeye chumvi ikamwishia katikati ya wiki akaona aibu kuomba. Akala siku mbili bila chumvi. Ya tatu akashindwa, akaenda kugonga chumba cha pili, akafungua Mhehe mmoja mrefu, akamuuliza we kabila gani, babu akasema Mngoni. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini, "Mngoni leo umekuja kuniomba chumvi mimi!" Unajua Wahehe na Wangoni walipigana vita kwelikweli zamani za mababu zao, karne ya 19 huko, ndo maana leo ni watani. Basi akampa chumvi na matusi ya kutosha, kesho yake babu akarudisha matusi, keshokutwa wakaona kwa nini tuwashe moto miwili, wakaanza kupika chungu kimoja. Baadae wakawa wanne, wakawa sita. Babu alipougua homa ndo hao hao waliompikia uji. Na yule mzee aliyekaa mlangoni siku ya msiba wa babu akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe hela ya utani, watu wanacheka huku wanalia, ulikuwa mdogo lakini labda unakumbuka, basi ndo yule wa chumvi.

Mi hilo jambo nimelifikiria sana ukubwani. Angepeleka chumvi yeye, yule angesema ahsante na mlango ukafungwa. Alivyokwenda kuomba, mwenzie akajiona mwenyeji, akajiona na yeye ana kitu anahitajika kwacho pale ugenini. Watu wengi wanadhani rafiki anapatikana kwa kugawa, kununulia watu chipsi na soda. Wanakula, wanaondoka. Mtu uliyemwomba kitu kidogo akakupa, huyo kesho anakuita jina akikuona.

Na nakwambia hivi kwa uchungu kwa sababu mimi nilikosea. Nilivyokwenda chuo cha ufundi, bibi yako alinifungashia sanduku lina kila kitu, pasi ya mkaa, ndoo, sindano na uzi, kiwi, mpaka nyundo na misumari. Nikajivuna sihitaji cha mtu. Bweni zima walikuwa wanaazimana, wanagombana, wanapatana, mimi nafunga kufuli. Mwaka wa pili nikapigwa na malaria nikalala siku mbili hakuna aliyekuja kunichungulia, na sisemi walikuwa na roho mbaya, walishazoea kwamba yule ana kila kitu, yule hana shida. Nimetoka pale na cheti, rafiki sikutoka naye hata mmoja. Mpaka leo inaniuma nikiona wenzangu wanapigiana simu za sikukuu.

Sasa wewe nakujua umefungasha kama mimi. Mamaako kakununulia heta, pasi, ekstensheni, jagi, hamna unachokosa. Ila usiende kuomba pasi wakati unayo, watu watajua na uongo una harufu. Tafuta usichonacho kweli. Kwa mfano umesema ile hesabu ya takwimu hujaielewa tangu wiki ya pili, si kuna mtu kwenye korido yako anasoma kozi hiyohiyo? Kagonge, mwambie nisaidie hapa nimekwama. Nywele zako nani anakusuka? Umesema unaenda saluni nje, na hosteli ya wasichana nzima ikose msusi kweli? Uliza. Kaa chini usukwe masaa matatu, hayo masaa matatu utasikia habari za bloku nzima. Na ukiazima bakuli la mtu, si unajua kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata tende tatu weka humo.

Tena usihangaike na hosteli nzima. Hizo hosteli zenu zilipofunguliwa 2017 walisema bloku 20, wanafunzi 3,840, ukigawa ni kama watu 192 kwa bloku moja, huo ni mtaa kamili, hakuna binadamu mwenye marafiki 192. Shika korido yako, wale unaopishana nao bafuni na ndoo. Fua siku ileile wanayofua wao, kula saa wanayokula wao, ukiwa chumbani umevaa vizuri acha mlango wazi kidogo, mtu akipita akuone uso. Mazoea yanatengenezwa na macho kuonana kila siku, maneno yanafuata yenyewe.

Yule rumeti wako wa Bukoba unayesema amenuna, analala kageukia ukutani. Mwanangu, Bukoba unapajua kulivyo mbali? Wewe ukizidiwa unapanda basi asubuhi, mchana uko nyumbani unakula wali wa nazi. Yeye kusafiri tu ni safari ya kujipanga. Mtu akigeukia ukutani usiku mara nyingi analia, hajanuna. Muulize kwao wanasalimianaje, akufundishe. Anza na huyo kabla ya korido.

Kuna mambo mawili nisiyapite. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia utapata marafiki wengi ghafla, hela ya ada na ya kula usikopeshe mtu, mwambie baba kakataa, nitupie mimi lawama sina neno. Na hii ya kubebana naisikia, mtu kakosa chumba mnalala wawili kitanda kimoja. Huruma ni nzuri lakini chumba si chako peke yako, usimwingize mtu wenzio hawajakubali, utapata rafiki mmoja upoteze wote wa chumbani, na uongozi wa hosteli wakiwakuta ndo unafukuzwa kabisa.

Ukigonga mlango ukajibiwa vibaya, umia siku moja, kesho gonga wa pili. Babu alikula siku mbili bila chumvi kwa aibu, wewe umekula miezi mitatu, inatosha.

Ijumaa asubuhi nakupakilia gunia la machungwa ya Muheza pale stendi ya Kange, utalipokea Mbezi jioni. Mamaako amelalamika kwamba nimejaza mno, mtoto atalibebaje kupandisha ngazi zote zile. Nimemwambia niache. Likifika nipigie uniambie umemwomba nani akusaidie kulibeba.

Babaako