Unatafuta kazi ya programu? Kaa kwenye mradi mmoja

Ukiomba kazi yako ya kwanza ya programu, swali huja mapema: umewahi kufanya kazi na nani? Asiye na mwajiri anaweza kulijibu kupitia programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, ila atulie mahali pamoja. Nikifungua ukurasa wa mwombaji kule GitHub, tovuti ambako miradi hiyo huhifadhiwa, nikakuta amegusa miradi 20, koma hapa, nukta pale, sijui lolote juu yake. Nikikuta amekaa kwenye mradi mmoja miezi kadhaa, amejibizana na wakaguzi wanaopitia mabadiliko kabla hayajakubaliwa na amerudi kusahihisha alichoandika mwenyewe, huyo namwita kwenye usaili.

Oktoba 2020 watu waliokuwa wakisaka fulana ya bure ya Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, walijaza miradi mabadiliko yasiyo na maana, hadi waandaaji wakabadili kanuni ili mradi ushiriki kwa ridhaa tu. Wasimamizi wengi wanajitolea, na kazi yako wanaisoma usiku baada ya kutoka kazini kwao. Usiwapotezee muda.

Chagua programu ambayo shughuli yake unaielewa. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za afya Tanzania, Kenya na Uganda. Kama umewahi kukaa kwenye foleni ya mapokezi ya zahanati ukaona karani anavyohangaika na majina matatu yanayofanana, unajua jambo asilolijua mwandishi wa programu aliye Oslo. Huo ni mtaji.

Siku za mwanzo usiandike msimbo. Soma faili la CONTRIBUTING, lenye maelekezo kwa wachangiaji, kisha shusha mradi kwa amri ya git clone --depth 1, inayoleta toleo la karibuni tu, maana historia nzima ya mabadiliko itakula bando bila faida. Uwashe kwenye kompyuta yako hadi ufanye kazi. Hapo wengi hukata tamaa, na hapo pia ndipo mchango wa kwanza wa kweli hupatikana: kama maelekezo yamekwama hatua fulani, rekebisha maelekezo.

Halafu tafuta hitilafu moja. Tuseme karani anasajili mgonjwa saa saba usiku tarehe 12, na orodha inaonyesha tarehe 11. Saa zetu ziko mbele ya UTC, saa za kimataifa ambazo seva hiyo inazifuata, kwa saa 3, kwa hiyo kwa seva ilikuwa bado saa nne usiku wa jana yake. Usikimbilie kurekebisha. Andika kwanza ulichofanya, ulichotarajia, ulichokiona, toleo la programu na saa za eneo la kompyuta yako. Kisha andika jaribio, yaani msimbo mfupi wa kupima programu, linalofeli kwa sababu ya kosa hilo. Ukirekebisha likapita, mkaguzi hana haja ya kukuamini kwa maneno. Mabadiliko yenyewe huenda yakawa mistari mitatu tu, na hiyo inatosha kabisa.

Mkaguzi atakuja na maoni, pengine makavu. Jibu kila hoja. Usipokubaliana naye, toa sababu kwa sentensi mbili. Akikaa kimya wiki nzima, muulize kwa adabu mara moja, kisha endelea na kazi nyingine ya mradi huohuo.

Kuhusu pesa niwe mkweli: michango mingi hailipwi, kwa hiyo usiache kibarua chako. Jioni mbili kwa wiki zinatosha. Zipo njia za malipo, kama Outreachy na Google Summer of Code, mipango inayowalipa posho wanaoanza kuchangia programu huria; hiyo ya Google tangu 2022 si ya wanafunzi peke yao tena. Outreachy inataka uwe umechangia mradi tangu kipindi cha maombi, kwa hiyo anayeshtuka dakika za mwisho hachaguliwi.

Kwenye wasifu wako usiandike tu kwamba wewe ni mchangiaji wa programu huria. Andika: “Nilirekebisha tarehe ya usajili iliyokuwa ikirudi nyuma siku moja kwenye saa za Afrika Mashariki,” kisha weka kiungo cha mjadala mzima. Maoni makali ya mkaguzi yaache yaonekane. Msaili atashuka moja kwa moja kusoma ulivyoyajibu.