Maswali na Majibu: Mwanzo wa Ulimwengu

Je, si kweli kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu (Big Bang) ilibuniwa na wasioamini ili kumwondoa Mungu?

Swali hili hunifikia kila mara, kutoka kwa watu ambao hawajamtafuta mwenye nadharia. Ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa ulitokana na atomu moja ya awali. Jina la Mlipuko Mkuu alilitoa mpinzani wake, mwanaastronomia Fred Hoyle, katika redio ya BBC mwaka 1949. Naye Hoyle, asiyeamini, hakupendezwa na harufu ya dini aliyoisikia humo.

Mlipuko huo ulitokea wapi?

Kila mahali, ni anga lenyewe lililotanuka, nalo halina kitovu.

Basi sayansi imethibitisha Mwanzo 1:1?

Hapana, na wahubiri wanaodai hivyo wanajitafutia aibu. Papa Pius XII alikaribia kusema hivyo mwaka 1951, lakini Lemaître hakuridhika, kwa kuwa alishikilia kwamba nadharia yake haimlazimishi mtu kuamini wala kukana. Vipimo vinatufikisha kwenye hali ya joto na msongamano mkubwa mno, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita; lakini ukisogea nyuma zaidi, milinganyo ya Einstein kuhusu mvutano haitegemeki tena. Fundisho la uumbaji linajibu jambo jingine: kwa nini kuna chochote, na kinamtegemea nani hata sasa. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo, na kwamba Mkristo hulipokea hilo kwa imani. Anayeifunga imani ya waumini wake kwenye fizikia ya leo atawaeleza nini fizikia hiyo ikirekebishwa?

Biblia inasema dunia ina miaka 6,000. Mbona mnaipinga?

Aya gani? Kwamba dunia iliumbwa mwaka wa 4004 kabla ya Kristo ni hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1650.

Mwanga uliwezaje kutangulia jua, lililoumbwa siku ya nne?

Augustino, askofu na mwanateolojia wa Kanisa la kale, alilihangaikia swali hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akakiri kuwa ni vigumu sana kujua siku hizo zilikuwa za namna gani. Ni yeye pia aliyewaonya Wakristo wanaozungumzia mambo ya anga bila kuyajua, kwa sababu msikilizaji asiyeamini huishia kuyacheka Maandiko.