Neema mwanangu, kuhusu huo uchovu usiokwisha

Umeniuliza ufanye nini: miezi saba sasa mwili unauma, unalala usiku kucha na kuamka umechoka, na labo inasema huna kitu. Umeuliza pia kama wana haki wanaokuambia ujilazimishe mpaka mwili uzoee. Nianze na hilo: usijilazimishe, mama.

Tazama uchovu wako unakuja lini. Ukipandisha bidoni ya maji ya lita 20 mpaka Kadutu, hapo Bukavu, Jumatatu, siku hiyo waweza kuwa salama. Jumanne au Jumatano ndipo unaanguka: koo inauma, misuli inawaka, kichwa hakishiki neno. Kuzidiwa baada ya kazi, mara nyingi saa 12 mpaka 48 baadaye, ndiyo alama kubwa ya ugonjwa wa uchovu sugu. Uingereza, mwaka 2021, waliondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwenye mwongozo wao wa ugonjwa huu. Ushahidi wa faida ulikuwa hafifu, na wagonjwa wengi walisema yaliwazidishia.

Lakini usilikubali jina hilo kabla labo haijaulizwa vizuri. "Huna kitu" inategemea walipima nini. Omba hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma) pamoja, kwa maana akiba hiyo huweza kuisha wakati damu bado inaonekana nzuri. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huko juu mwili hutengeneza damu zaidi, kwa hiyo hemoglobini ya 12 kamili kwa mwanamke wa huko si ya kujivunia. Omba pia TSH ya tezi la shingo, sukari, kreatinini ya figo, VS (inayoonyesha kama kuna uvimbe mwilini), VVU na homa ya ini. Kama ulikunywa maziwa mabichi au mashuza (maziwa ya mgando) yasiyochemshwa, sema wazi wapime bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Inaleta uchovu, maumivu ya viungo na homa inayokuja na kwenda.

Na hiyo Widal, kipimo cha damu cha tifoidi, wanayokurudishia kila mara, kisha sipro (antibiotiki) tena! Widal moja haithibitishi tifoidi. Alama za ugonjwa wa zamani hubaki katika damu miezi mingi. Hata kipimo cha haraka cha malaria huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona. Dawa ya tatu kwa kipimo kilekile inaharibu tumbo tu. Dexa ya mitaani (deksamethasoni, dawa ya steroidi) usiiguse kabisa: siku mbili unajisikia mzima, halafu inapandisha sukari, na ukiizoea mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daftari, wiki mbili, uandike kila siku ulichofanya, dakika ngapi, na ulivyokuwa siku mbili zilizofuata. Utauona mpaka wako. Kisha ukae chini yake: kama dakika 30 za kusimama jikoni zinakuangusha, weka saa ya simu dakika 15, keti, lala chali dakika 10 macho yamefumbwa, ndipo uendelee. Pumzika kabla hujachoka. Sombe (majani ya muhogo) itwangwe na mwingine au kwa mashine. Maharagi uchambue umekaa. Maji ubebe lita 5 au ulipe mbebaji. Kupanda mlima, chukua moto (pikipiki), kushuka utembee.

Siku nzuri ndiyo ya hatari. Unajisikia vizuri, unafua nguo zote, unafika soko la Kadutu na kurudi, kisha unalipa siku nne. Siku nzuri fanya kama siku ya kawaida.

Jipime hivi pia: lala dakika 10, hesabu mapigo ya moyo, simama bila kutembea dakika 10, hesabu tena. Yakizidi kwa 30 au zaidi, mweleze dokta, kwa maana hilo lina tiba yake. Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1, uache saa 6, usipite gramu 3 kwa siku. Diklofenaki tumbo tupu, hapana. Usingizi ukivunjwa na maumivu, dokta anaweza kukuanzishia amitriptilini kidogo, miligramu 10 jioni.

Ukipungua uzito, ukitoka jasho usiku, kikohozi kikipita wiki mbili au mguu ukivimba, achana na daftari, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na kazini omba ukae kwenye kiti, siyo likizo kwanza. Bosi atakubali kiti haraka zaidi.

Mama yako, Goma