Muvi na Pedeli: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu wanaoendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani huku wakitazama filamu. Wengine wanatafuta afya tu. Wengine wanaandika uhakiki wa kile wanachokitazama. Barua zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Naandika uhakiki wa filamu na kuusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu ninunue baiskeli ya mazoezi, filamu zote nazitazama nikiwa juu yake. Wenzangu wanasema siku hizi kila filamu naiona ndefu na inachosha. Je, kosa ni la filamu au la baiskeli?
*Msomaji, Kanyenye, Tabora*

Ndugu msomaji, wenzako wana hoja. Kosa si la baiskeli yenyewe, ni la namna unavyoiendesha. Mapaja yakishaanza kuwaka moto, akili inahesabu dakika zilizobaki, na filamu yoyote itaonekana inajivuta. Zinazoonewa zaidi ni zile tulivu, zenye mazungumzo marefu na ukimya wenye maana. Filamu ya mapigano hupona, kwa sababu kelele zake zinakwenda sambamba na moyo unaodunda. Ukihakiki namna hiyo, unachokipima ni uchovu wako.

Kwa hiyo siku ya kuhakiki endesha kwa wepesi: mizunguko 60 hadi 75 kwa dakika, na ugumu unaokuruhusu kusema sentensi ndefu nzima bila kukata pumzi. Ukiona maneno yanakatika, punguza ugumu kabla hujapunguza mwendo. Siku ya jasho jingi, ya kukimbiza dakika moja na kupumzika mbili, weka mechi au filamu uliyokwisha kuiandikia. Mambo hayo mawili hayachanganyiki, na hapa hatuoni njia ya katikati.

Anza kupiga pedeli dakika 5 kabla ya kuwasha filamu. Dakika za mwanzo za filamu ndizo mwongozaji anazokuonyeshea kanuni za hadithi yake, na ni hasara kuzitazama huku unarekebisha siti na kutafuta pumzi. Filamu ya dakika 100 igawe mara mbili. Ukifika dakika ya 45 au 50, subiri tukio liishe, ndipo usimamishe. Ukikata katikati ya tukio, kesho utarudi umepoteza joto lake, kisha utamlaumu mhariri kwa kitu ulichokivunja mwenyewe.

Usijaribu kuandika ukiwa unaendesha. Rekodi sauti kwenye simu: taja dakika kwanza, halafu ulichokiona au kukisikia. Kwa mfano: "Dakika ya 37, muziki unafunika maneno ya mama mkwe." Hiyo inatosha. Usirekodi hukumu kama "sauti mbovu", maana baadaye hutakumbuka ubovu ulikuwa wapi.

Kuna mambo matatu ambayo vifaa hukudanganya, na wahakiki wengi huyabebesha filamu. La kwanza ni hedifoni za Bluetooth. Sauti hupitia hatua kadhaa kabla ya kufika sikioni, na kwenye vifaa vingine huchelewa kiasi cha midomo kutangulia maneno. Kabla ya kuandika kwamba sauti imepachikwa vibaya, rudia tukio hilo kwa waya au kwa spika ya kifaa chenyewe. La pili ni runinga inayolainisha mwendo wa picha. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga nyingi za kisasa hubuni fremu za ziada katikati, na filamu ikaanza kuonekana kama tamthilia ya bei rahisi. Ingia kwenye mipangilio ya picha uizime huduma hiyo, na uondoe pia ile hali ya rangi kali ambayo madukani huiwasha ili kuvutia wateja. La tatu ni mwanga wa chumbani, tutalieleza kwenye jibu linalofuata.

Ukishamaliza, shuka, jifute jasho, kunywa maji, kisha kaa kitini utazame upya matukio matatu: la ufunguzi, la mwisho, na lile unalokusudia kulisifu au kulilaumu zaidi. Feni inayokupoza na mlio wa pedeli humeza sauti ndogondogo, kama pumzi za mwigizaji, nyayo, au mlango unaofungwa chumba cha pili. Ukisema kitu kuhusu sauti bila kukaa chini na kusikiliza kwa utulivu, unamdhulumu fundi sauti. Ndipo uandike: hadithi kwa mistari minne bila kufichua mwisho, halafu jambo moja au mawili uliyoyashika vizuri, kila moja na tukio lake. Maneno 400 hadi 600 yanatosha. Na kama umeitazama kwenye simu ya inchi 6, waambie wasomaji wako. Ni haki yao kujua.

Nimefunga simu kwenye usukani wa baiskeli. Baada ya nusu saa shingo inakaza na vidole vinakufa ganzi. Jioni ndiyo sioni kitu kabisa.
*Dada msomaji, Mwanga, Kigoma*

Dada, simu iondoe kwenye usukani. Pale iko chini mno, shingo inainama muda wote, na kila pedeli inaitikisa picha. Iweke, au weka tableti, juu ya kabati au rafu mbele yako, ili katikati ya kioo pawe sawa na macho yako au chini yake kidogo ukiwa umekaa wima. Runinga ya inchi 32 ikae umbali wa mita 1.2 hadi 2 kutoka machoni.

Ganzi ya vidole inatokana na kuegemea. Mara nyingi siti imeinamia mbele au usukani uko chini, na uzito wa kifua unaangukia viganja. Sawazisha siti, pandisha usukani ulingane na siti au uipite kidogo, na usikunje viwiko kwa nguvu wala kuvinyoosha kabisa. Kila baada ya dakika 10 simama juu ya pedeli kwa sekunde 20 hivi ili damu ipite vizuri sehemu ulizokalia.

Ukiwa hapo hapo, pima urefu wa siti. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kulalia upande. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanasema siti iko chini. Maumivu ya nyuma ya goti, au nyonga kuyumba kushoto na kulia, yanasema iko juu. Pandisha au shusha sentimita moja kwa wakati, usiruke.

Kuhusu jioni: Kigoma jua linazama upande wa ziwa. Dirisha linalotazama magharibi, likiwa nyuma yako, linamwaga mwanga juu ya kioo, na likiwa mbele yako linakupofusha. Geuza baiskeli ili dirisha liwe ubavuni, na uweke pazia zito. Matukio ya usiku ndani ya filamu hupotea kabisa kwenye chumba chenye mwanga mkali, na ndipo watu wanapoandika kwamba mpiga picha hakujua kuweka taa.

Nina miaka 63 na natumia dawa za presha. Daktari ameniruhusu baiskeli ya ndani. Napenda filamu za kutisha, lakini namba ya mapigo kwenye kioo cha baiskeli inanichanganya.
*Mzee msomaji, Ujiji*

Shikamoo baba. Umefanya vyema kuanza kwa daktari. Namba hiyo usiifuate sana. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na bisoprolol, hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo namba inaweza kubaki chini hata unapojituma. Filamu ya kutisha inafanya kinyume: inapandisha mapigo kwa hofu wakati miguu haijaongeza kazi. Juu ya hayo, vishikio vya usukani vinavyopima mapigo husoma ovyo viganja vikiwa na jasho au mkono ukisogea. Pima kwa maneno: kama unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ndipo penye kiwango cha wastani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Filamu mbili za dakika 90 zinakufikisha hapo. Usianze na filamu nzima. Anza dakika 10 kwa siku, ongeza 5 kila wiki. Tukio la kutisha likija, usikamate usukani kwa nguvu huku umebana pumzi, maana kufanya hivyo kunapandisha presha ghafla. Filamu ikiisha usisimame papo hapo: endelea polepole kwa dakika 5 wakati majina yanapita. Ukikatisha ghafla damu hutuama miguuni, na kwa anayetumia dawa za presha kizunguzungu ni rahisi. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanapanda mkononi au kwenye taya, au pumzi inakatika isivyo kawaida, shuka na upelekwe hospitali mara moja. Kwa usalama, mtu mwingine awepo nyumbani.

Baiskeli yangu inalia "tak, tak" kila pedeli ya kushoto inaposhuka. Nimeikaza mara kadhaa, inalegea tena. Sisikii mazungumzo ya filamu.
*Msomaji, Isevya, Tabora*

Inawezekana kabisa kwamba unailegeza ukidhani unaikaza. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ya kulia hukazwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa, ya kushoto kinyume cha mshale wa saa. Zimetengenezwa hivyo ili mwendo wa miguu usizifungue. Herufi L na R huchongwa kwenye ncha ya ekseli ya pedeli, zitazame kwanza. Wapo waliolazimisha pedeli ya kulia upande wa kushoto, nao huharibu nyuzi za krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, siku hiyo hiyo.

Toa pedeli, futa nyuzi, paka grisi kidogo, ianze kwa vidole mizunguko miwili au mitatu. Ikigoma kwenye vidole imeingia kombo: toa uanze upya. Ikiingia vizuri, malizia kwa spana namba 15, ukaze kwa nguvu. Baada ya saa mbili tatu za kuendesha, kaza tena.

Mlio ukibaki, shika mkono wa krenki wenyewe uutikise. Ukicheza, fungua kifuniko cha plastiki katikati na ukaze nati kwa soketi. Usiahirishe hili. Krenki iliyolegea ikiendeshwa hivyo hivyo, tundu lake la mraba huliwa na kuwa pana, na baada ya hapo hakuna kukaza kutakakosaidia, utanunua krenki mpya. Kama mlio ni wa kusugua na si wa kugonga, baiskeli yako huenda ni ile ya pedi inayobana gurudumu zito la mbele. Pedi ya sufi iliyokauka hupiga kelele, na sprei ya silikoni kidogo juu yake huituliza. Anayenunua sasa kwa ajili ya filamu achague ya sumaku. Sumaku haigusi gurudumu, hivyo haina cha kusugua.

Jasho nalo lina chumvi na linakula chuma. Futa usukani, nguzo ya siti na bolti kila ukishuka.

Bando linaisha kabla filamu haijafika nusu.
*Msomaji, Kasulu*

Saa moja ya picha ya kiwango cha kawaida inaweza kula hadi GB 1, na ya HD hadi GB 3. Pakua mapema kwenye Wi-Fi au bando la usiku, ili pia filamu isikwame na kukuacha ukipiga pedeli mbele ya kiduara kinachozunguka. Kwa kioo cha simu, kiwango cha kati kinatosha. Ila ukiona vijisanduku vinacheza kwenye sehemu za giza, hiyo ni picha iliyobanwa ili kuokoa data. Usiiandike kama kasoro ya filamu. Na kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote, chaji kompyuta au tableti kabla: baiskeli nyingi za kawaida za sumaku zinaendelea bila umeme, runinga haiendelei.

Sina pesa ya baiskeli ya mazoezi, lakini nina Phoenix nzima. Naweza kuisimamisha kwenye stendi yake nikaendesha ndani?
*Fundi msomaji, Urambo*

Fundi, stendi ya miguu miwili imetengenezwa kubeba baiskeli na mzigo wake ikiwa imesimama. Ukikaa na kuyumba juu yake hupinda, na inaweza kuumiza mabomba inaposhikilia. Chomelea fremu ya chuma cha engo yenye msingi mpana, angalau sentimita 60, iishike ekseli ya nyuma pande zote mbili na kuinua tairi sentimita 2 hadi 3 kutoka sakafuni.

Hapo utapata kazi ya pili: tairi linazunguka hewani bila ugumu wowote. Wengi hubana breki ya nyuma. Usifanye hivyo kwa filamu nzima. Raba za breki zinasugua ringi muda wote, ringi inapata moto, raba zinaisha. Ugumu nao unabadilika kadiri zinavyopata joto. Njia bora ni rola: kipande cha bomba nene la chuma chenye beringi mbili, kilichofungwa nyuma ili tairi likilalie, na bolti ya kukisogeza. Ukikisogeza karibu, ugumu unaongezeka. Bomba likiwa zito zaidi pedeli zinakwenda laini zaidi, kwa sababu uzito unaozunguka hubeba mguu kwenye sehemu ya juu na ya chini ya mzunguko, ambapo msukumo wa mguu ni mdogo.

Weka kipande cha mbao chini ya gurudumu la mbele ili baiskeli isiinamie mbele, na mkeka wa mpira chini ya fremu. Tairi la nyuma tumia lililoisha meno na ulijaze upepo vizuri. Lenye meno huvuma juu ya rola na kufunika maneno ya filamu.