Ticha Ughaibuni: Maswali Yenu Kuhusu Vituo vya Kiingereza

Tangu nitaje hapa kwamba nilifundisha Kiingereza Bangkok kwa miaka minne, barua hazikatiki. Nyingi zinauliza mshahara. Huo utauona kwenye tangazo, tena kwa herufi kubwa. Leo nimechagua zinazouliza yale ambayo tangazo halisemi.

Shikamoo mwalimu. Nimepata kazi kwenye kituo cha lugha Thailand. Mkataba unasema saa 25 za kufundisha kwa wiki. Hapa nafundisha vipindi 32 na usiku nasahihisha madaftari. Si nitakuwa nimepumzika? (Msomaji, Kakamega)

Marahaba. Saa 25 za kufundisha si saa 25 za kazi, na mkataba wako umelichagua neno hilo makusudi. Kituo cha lugha si shule. Wateja wake ni watoto waliokwisha kutoka shule na watu wazima waliokwisha kutoka ofisini, kwa hiyo wewe unaanza wengine wakirudi nyumbani, na Jumamosi na Jumapili ndizo siku za mavuno. Mapumziko utapewa Jumatatu na Jumanne, marafiki zako wote wakiwa kazini.

Nikupe Jumamosi yangu moja. Saa tatu asubuhi, watoto wanane wa miaka mitano, mmoja analia tangu mlangoni. Saa nne, vijana wanaojiandaa na mtihani, kwa muda wa saa moja na nusu. Kisha pengo la saa mbili na nusu. Darasa huna, lakini kutoka huruhusiwi. Unakaa kwenye chumba cha walimu kisicho na dirisha, unakata kadi za picha kwa mkasi, unajaza ripoti za wazazi. Mimi nilikuwa na watoto 46, kila mmoja sentensi tatu kila mwezi, na zote sharti zisifu, hata za yule aliyenimwagia gundi kwenye kiatu. Katikati ya hapo meneja anachungulia: kuna mama amekuja na mwanawe, hebu mpe kipindi cha majaribio. Cha majaribio hakilipwi. Saa nane mchana madarasa yanaanza tena, mfululizo hadi saa kumi na moja na nusu. Nilikaa kituoni tangu saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Karatasi ya malipo iliandika saa 6.

Kabla hujatia saini, mwandikie meneja: natakiwa kuwepo kituoni saa ngapi kwa wiki? Mapengo yanalipwa? Mwanafunzi wa peke yake asipotokea, nalipwa? Akikujibu "usijali, tutaelewana", anza kujali.

Na popote unapoona nusu saa kwenye mkataba, jiulize imetoka wapi. Japani mikataba ya saa 29 na nusu kwa wiki ilikuwa jambo la kawaida kwenye vituo hivi, kwa kuwa waajiri walishikilia kwamba chini ya saa 30 hawalazimiki kumwingiza mwalimu kwenye bima ya afya na pensheni ya waajiriwa. Nusu saa tu, na bima mwalimu alijitafutia mwenyewe.

Wakala hapa Nairobi anasema niingie Vietnam kwa viza ya utalii, kibali kitatengenezwa nikiwa kule. Anataka shilingi 180,000. (Msomaji, Nairobi)

Usimpe. Kibali cha kazi cha mwalimu Vietnam kinadai shahada, cheti cha kufundisha na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na karatasi za kutoka nje ya nchi hiyo lazima zithibitishwe rasmi. Uthibitisho huo unaanzia nyumbani, wizarani na ubalozini. Ukiondoka bila mihuri utakuwa Hanoi unambembeleza binamu yako akupangie foleni Nairobi.

Akikwambia wengi wanafanya hivyo, hadanganyi. Ila faini haigawanywi kwa wengi. Vietnam ni dong milioni 15 hadi 25, na kufukuzwa nchini. Thailand ni baht 5,000 hadi 50,000, na kufukuzwa vilevile. China ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa, mahabusu ya siku 5 hadi 15. Tena faini ndiyo hasara ndogo. Fikiria mwajiri amekula mshahara wako wa miezi miwili. Utamshtaki wapi, na wewe mwenyewe huna kibali? Yeye anajua hilo kuliko wewe.

Nasikia Korea Kusini wanalipa vizuri na nyumba juu. Mtanzania anaombaje? (Msomaji, Dodoma)

Kwenye vituo vya lugha, haombi. Viza ya E-2 kwa walimu wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Uwe na alama za juu kiasi gani, wanaangalia pasipoti.

Japani mlango uko wazi kidogo zaidi. Waajiri wengi huko hudai uwe umesoma kwa Kiingereza miaka isiyopungua 12. Mkenya au Mganda anaweza kuihesabu. Wewe uliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama mimi, miaka hiyo saba haihesabiwi, umeshapungukiwa kabla hujafungua mdomo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, raia wa Kanada. Nafundisha hagwon (kituo cha tuisheni cha binafsi) hapa Daegu, Korea Kusini. Nimefika mwezi wa kumi na moja wa kazi na bosi anasema mkataba uishie hapa, wanafunzi wamepungua. (Msomaji, Daegu)

Wanafunzi hawajapungua, ni mwaka wako unaokaribia kutimia. Korea mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka. Wa miezi kumi na moja hapati kitu. Ndiyo maana mwezi huo una sifa mbaya miongoni mwa walimu wa hagwon.

Ila hutoki mikono mitupu. Ukishafanya kazi miezi mitatu, anayekuachisha sharti akupe notisi ya siku 30 au akulipe mshahara wa siku hizo. Kituo kikiwa na wafanyakazi watano au zaidi, unaweza pia kupinga kuachishwa kwenye tume ya mahusiano ya kazi ndani ya miezi mitatu. Madai ya fedha yapeleke ofisi ya wizara ya kazi. Na karatasi ya kujiuzulu usiisaini, hata ukiambiwa ni utaratibu tu wa ofisi.

Mshahara umechelewa mwezi wa pili. Meneja ni mtu mwema, anatuomba uvumilivu. (Msomaji, Bangkok)

Wema wake nauamini, ila mwenye akaunti si yeye. Nova, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za kufundisha Kiingereza Japani, ilianza hivyo hivyo, mishahara ikichelewa, na Oktoba 2007 ikaanguka. Maelfu ya walimu wa kigeni walibaki bila malipo. Wapo waliokuwa wakikatwa kodi ya nyumba kila mwezi, kumbe kampuni haikuwa ikimfikishia mwenye nyumba. Usisubiri wa tatu. Na kama unalala kwenye nyumba ya mwajiri, leo hii ulizia kama kodi inalipwa.

Taasisi ya hapa Muscat imeshika pasipoti yangu "kwa usalama". Shangazi yangu, mzaliwa wa huku, anasema ni kawaida. (Msomaji, Muscat)

Shangazi yuko sahihi kuhusu kawaida. Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 inasema vingine: mwajiri hashiki pasipoti bila idhini ya maandishi ya mfanyakazi. Pekua ulichosaini siku ya kwanza, maana idhini hujificha katikati ya fomu za benki. Kisha iombe kwa barua ya heshima. Wakikataa, nenda Wizara ya Kazi.

Mwenzangu mzungu hana cheti chochote na ananizidi mshahara. Niseme? (Msomaji, Hanoi)

Sema, lakini usianze na haki. Vituo hivi vinauza sura kwa wazazi, na meneja anaijua bei yake. Mimi nilimwona mama akinitazama mlangoni, akamvuta mwanawe, akaenda kuuliza mapokezi kama kuna mwalimu mwingine. Nilianza kuandika kwenye daftari wanafunzi wangu wangapi wanalipia muhula unaofuata. Muhula mmoja walikuwa 31 kati ya 34. Nikaliweka daftari mezani kwa meneja, nikanyamaza. Akaniongeza baht 3,000. Nilipoondoka, mwenzangu alikuwa bado ananizidi 4,000.