Kisu cha kukunja cha zamani: kusoma chapa za hataza bila kuuziwa mwaka

Hapa Moshi, mtu akiwa na kisu cha kukunja cha zamani, lazima atakuwa na hadithi ya Mjerumani. Sishangai. Reli ya kutoka Tanga ilifika mjini kwetu mwaka 1911, wamisionari na walowezi wa kahawa walikuja na mizigo yao, na kisu ni kitu ambacho hakitupwi hata bapa likilika nusu. Shida inaanza pale muuzaji wa soko la Memorial anapoweka kidole kwenye chuma na kusema, "Kaka, soma mwenyewe, mwaka huo hapo." Ukisoma, kweli mwaka upo. Ila hausemi kile anachokuambia yeye.

Nimekuwa nikinunua, kusafisha na kuuza visu hivi kwa miaka sasa, na watu wananitumia picha kila wiki wakiuliza bei. Kabla ya bei kuna kazi ya kusoma chapa.

Hataza ni haki ambayo serikali inampa mvumbuzi ili wengine wasiige kitu chake kwa muda fulani. Kwa hiyo tarehe ya hataza iliyogongwa kwenye kisu ni siku ambayo wazo lilipata ulinzi. Kisu chenyewe kinaweza kuwa kimetengenezwa mwaka uleule, au miaka kumi na tano baadaye, maana kiwanda kiliendelea kugonga chapa ileile muda wote huo. Marekani, kuanzia 1861, hataza ilidumu miaka 17. Kisu chenye maandishi ya 1914 kinaweza kabisa kuwa kimetoka kiwandani 1930. Tarehe inakupa mwanzo tu: kabla ya hapo kisu hiki hakikuwepo. Mwisho wake utautafuta kwingine.

Tena mara nyingi hataza hailindi kisu kizima. Inalinda kitufe, kifungio cha bapa, springi, au namna ya kubana mpini. George Schrade wa Marekani alipata hataza mwaka 1892 kwa kisu kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe. Visu vya kukunja vyenyewe vilikuwepo karne nyingi kabla yake.

Sasa tuje kwenye kusoma chapa, na hapa nataka uende taratibu kwa sababu ndipo visu vingi vinapoharibiwa. Chapa kwa kawaida ipo kwenye shina la bapa, pale linapoingia kwenye mpini, upande mmoja au pande zote mbili. Fungua kila bapa, hata lile dogo, na uangalie pia springi ya mgongoni na bati za ndani. Kama bapa limekwama, usilivute kwa koleo. Utavunja kile kibonyeo cha ukucha, pale unaposhika kufungua bapa, na kisu kitakuwa kimekufa thamani. Tia mafuta ya cherehani kwenye pini, kiache usiku kucha, kesho yake kichezeshe polepole. Kutu iliyo juu ya maandishi nailegeza kwa mafuta hayohayo, kisha naikwangua kwa kijiti cha meno cha mwanzi na mswaki mkuukuu ulio laini. Msasa, hapana. Steelwaya, hapana. Na yule fundi wa kunoa mwenye jiwe la kuzungusha kwa baiskeli, mpe visu vya jikoni. Herufi za chapa hazina kina, mpito mmoja wa jiwe unatosha kuzifuta.

Ukishasafisha, zima taa ya chumba na umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukilala karibu sawa na chuma. Herufi zilizokuwa hazionekani zinaanza kutupa kivuli. Piga picha kadhaa ukizungusha tochi, kwa sababu 3 na 8 zilizolika zinafanana, 1 na 4 pia. Pakigoma kabisa, paka poda ya mtoto juu ya chapa na ufute kwa kidole kikavu; poda inabaki kwenye mashimo ya herufi. Fundi saa wa mjini akikuazima ile lenzi yake ya jichoni, mnunulie chai, amekusaidia kuliko mtandao.

Tukishapata maandishi, tunaanza kuyatambua. Visu vya Marekani ndivyo rahisi zaidi. Vya zamani vina tarehe, kwa mfano PAT. JULY 14, 1914, na kuanzia sheria ya 1927 vilitakiwa kuwa na nambari badala ya tarehe. Kuna mbinu moja ninayoipenda sana: Ofisi ya Hataza ya Marekani hutoa hataza siku ya Jumanne, na imekuwa hivyo tangu katikati ya karne ya 19. Basi chukua tarehe uliyosoma, iangalie kwenye kalenda. Julai 14, 1914 ilikuwa Jumanne. Kama umesoma Julai 11, utakuta Jumamosi, na hapo ujue 4 imelika ikabaki kama 1. Rudi kwenye tochi.

Ukiwa na nambari, mwaka wake unajulikana kwa sababu mfululizo ulianza 1836 na haujakatika. Hataza ya kwanza ya mwaka 1900 ni nambari 640,167. Ya 1910 ni 945,010. Ya 1920 ni 1,326,899. Ya 1930 ni 1,742,181. Ya 1940 ni 2,185,170. Andika hizo kwenye karatasi uiweke kwenye pochi, zitakusaidia sokoni pale bando likiisha. Ukifika nyumbani ingia Google Patents, andika US na nambari bila mkato, utaona mchoro wa mvumbuzi mwenyewe. Linganisha mchoro na kisu chako, sehemu kwa sehemu. Usipoona sehemu inayofanana, umesoma nambari vibaya au umechukua mfululizo usio wake.

Mfululizo usio wake ndio mtego. Hataza za umbo, yaani za sura ya kitu na si utendaji wake, zina hesabu yake peke yake. Nambari kama 45,500 ikiwa ya hataza ya kawaida ni ya mwishoni mwa 1864. Ikiwa imetanguliwa na Des. Pat. ni ya 1914. Nusu karne imepotea kwa sababu ya vifupisho viwili vilivyofunikwa na kutu. Kwa hizo, andika USD mbele ya nambari badala ya US.

Kama una tarehe bila nambari, usihangaike kuandika maneno kwenye kisanduku cha utafutaji. Maandishi ya hataza za zamani yalisomwa na mashine na yana makosa mengi. Weka tarehe mwanzo na mwisho iwe siku hiyohiyo moja, kisha weka kundi B26B, ambalo ni la visu na vifaa vya kukatia vya mkononi. Visu vya kukunja viko B26B 1. Utabaki na hataza chache unazoweza kuzipitia moja moja ukinywa kahawa.

Kuna maandishi ya Kimarekani yanayochanganya watu kila siku. Reg. U.S. Pat. Off. haihusu uvumbuzi wowote. Inasema jina au nembo ya biashara imesajiliwa, na maandishi hayo yalikuja na sheria ya 1905. Pat. Pend. ina maana ombi limepelekwa, halijajibiwa, kwa hiyo hakuna nambari ya kutafuta. Na tarakimu nne kwenye kisu cha Case, kampuni ya visu ya Marekani, ni nambari ya aina ya kisu: ya kwanza inataja mpini, ya pili idadi ya mabapa. Nimeshaona mtu akiuza 6254 kama hataza ya kale. Alikuwa na uso mkavu kabisa.

Waingereza ni wasumbufu kidogo. Kuanzia 1852 hadi 1915 walianza hesabu upya kila Januari, kwa hiyo nambari bila mwaka haikufikishi popote. Ndiyo 1916 wakaanza mfululizo mmoja kutoka 100,001. Ukiona Rd. No. huo ni usajili wa umbo, hesabu iliyoanza 1884. Kabla yake, kuanzia 1842 hadi 1883, walitumia alama ya almasi yenye herufi na tarakimu pembeni. Wafaransa wao waliandika Breveté S.G.D.G., na herufi hizo nne zilisema serikali haitoi dhamana kwamba kitu kinafanya kazi. Waungwana, wamekuambia mapema.

Lakini kwetu huku vinavyojaa ni vya Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, na ndiko nilikotaka kufika.

Kuna mzee mmoja wa Kibosho aliniletea kisu chake kupitia mjukuu wake. Mpini wa pembe ya kulungu, mabapa mawili, kizibuo cha mvinyo, kifungulia soda. Shikamoo zikaisha, akaniambia baba yake alipewa na Mjerumani aliyekuwa na shamba la kahawa, na kwa hiyo kisu ni cha kabla ya vita vya kwanza. Kwenye shina tukasoma SOLINGEN, upande wa pili ROSTFREI, na kwenye springi, baada ya mafuta na kijiti, D.R.G.M.

Tukaanza kupanga. D.R.P. ni hataza kamili ya Ujerumani, zilizoanza 1877, na unazipata DEPATISnet, hifadhidata ya ofisi ya hataza ya Ujerumani mtandaoni. D.R.G.M. ni usajili mdogo zaidi ulioanza 1891, uliodumu miaka mitatu na kuongezeka hadi sita. Nambari zake usizitafute kwenye orodha ya D.R.P., ni hesabu nyingine. Kwa hiyo kisu si cha kabla ya 1891. Kifungulia soda kinapandisha kidogo: kile kizibo cha bati chenye meno kilipata hataza Marekani mwaka 1892, mvumbuzi William Painter, na hakuna anayetengeneza kifungulio cha kizibo ambacho hakipo. Kisha Rostfrei, isiyoshika kutu. Chuma cha aina hiyo kwa visu kilianzia Sheffield mwaka 1913, kwa Harry Brearley. Hapo mwanzo wa kisu ukapanda hadi baada ya 1913, na Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, utawala wa Mjerumani mjini kwetu ukakoma.

Mjukuu akaniangalia kama naelekea kumwambia babu yake kwamba amedanganywa. Wala. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na wengi walirudi kwenye mashamba ya kaskazini hadi vita vya pili vilipoanza 1939. Nikamwuliza mzee, "Baba yako alifanya kazi kwa huyo Mjerumani kabla ya ninyi kuzaliwa au baada?" Akasema yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, anamkumbuka. Mzee alikuwa sahihi kuhusu Mjerumani. Vita ndivyo vilivyochanganywa.

Njia ndiyo hiyo: kila alama ina mwanzo wake, na mwanzo ulio wa karibuni zaidi ndio unaoshika. Bisibisi ya nyota kwenye kisu cha vifaa vingi inakupeleka kwenye miaka ya 1930, hata kama chapa nyingine inasema 1897. Kwa upande wa mwisho, D.R.G.M. na D.R.P. zilikwisha na dola lenyewe mwaka 1945, ingawa akiba ya vipande vilivyogongwa ingeweza kutumika kidogo baadaye. W. Germany ni ya kuanzia 1949.

Ukitaka kuuza, andika unachokijua na namna ulivyokijua. Kile cha Kibosho niliandika hivi: Solingen, D.R.G.M., chuma kisichoshika kutu, kati ya miaka ya 1920 na 1945, kimekaa familia moja. Mnunuzi makini anaelewa mara moja na habishani na wewe.

Mambo mawili ya mwisho kabla hujanunua. Mpini mweupe wenye mistari myembamba inayokatana kama wavu, acha hapohapo mezani. Huo unaweza kuwa wa pembe ya ndovu, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kumiliki nyara bila kibali ni kosa, iwe ya zamani au mpya. Na mpini wa seluloidi, ile plastiki ya zamani, unaonuka ukali umeanza kuoza. Mvuke wake unakula chuma, hata cha visu vilivyo jirani. Kitoe kwenye boksi, kifunge kwenye karatasi, kikae peke yake penye hewa.