Usimrithishe Mwanao Ugomvi Ambao Hujauchunguza

Nilifundishwa kutomwamkia jirani yetu kabla sijafundishwa kusoma. Kwetu Uchagani, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mtoto akimpita mtu mzima bila kusema shikamoo hurudishwa akaamkie, lakini kwa nyumba moja tu, ile iliyo upande wa pili wa mstari wa masale, mimea tunayopanda mpakani, tuliambiwa tupite kimya tukiangalia chini. Sababu tuliijua sote. Baba yangu mdogo aliuawa usiku, mwili wake ukakutwa alfajiri kwenye banio la mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, na familia yetu ilikuwa na hakika kwamba waliomuua ni watu wa nyumba ile, ingawa hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Ugomvi huo ulidumu zaidi ya miaka 30. Ninamwandikia msomaji ambaye ukoo wake unabeba jambo la namna hii, hasa kijana anayerudi nyumbani kila Desemba na kukuta hadithi ileile ikimsubiri.

Ugomvi wenyewe ulianza na ardhi kabla ya kifo. Kihamba kwetu si shamba la kulima tu, bali ndiko tunakozika wazee wetu, na kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa chake anapooa, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, na wa katikati mara nyingi hujitafutia mbele. Mlima haukui, watoto wanaongezeka, na hatua mbili za mpaka zinatosha kuwakosanisha ndugu. Babu yangu na mzee wa jirani walikuwa wakibishania mstari wa masale tangu baba yangu akiwa mvulana. Juu ya hapo kulikuwa na maji, kwa kuwa mfongo hutumiwa kwa zamu, na anayechelewa kufunga banio humnyima mwenzake. Usiku ule zamu ilikuwa yetu. Mchana wake baba mdogo alikuwa ametupiana maneno na kijana wa jirani kwenye kilabu cha mbege, mbele ya watu wengi, na kesho yake kila aliyekuwapo aliona kwamba jibu limekwisha kupatikana.

Nilikuwa bado sijaanza shule. Ninachokikumbuka kwa macho yangu ni jembe. Lilikuwa limeegemezwa nyuma ya mlango wa jiko, mpini wake ukiwa bado na unyevunyevu, na shangazi alikuwa akilisugua kwa jivu na gunzi la mahindi huku akilia. Hilo ndilo jembe ambalo baba mdogo alikwenda nalo kufungulia maji. Wanawake wengine walikwisha kumwaga maji kwenye mawe ya banio, kwa sababu waliona haya kuacha damu ya mtu wao ikikanyagwa na kila mpita njia. Polisi walifika mchana. Hawakukuta cha kuchukua zaidi ya maneno.

Simlaumu shangazi yangu hata kidogo, kwani alifanya alichofundishwa kuwa ni heshima kwa marehemu. Ila kama kuna jambo moja ningependa kila kaya ya kijijini ilijue, ni kwamba saa chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama watoto wenu watakua na jibu au watakua na chuki. Kifo chenye utata kikitokea, mwili usiguswe, mahali pasifagiwe wala kumwagiwa maji, kifaa chochote kilichopo kiachwe palipo, mwenyekiti wa kitongoji aitwe na polisi waarifiwe hapo hapo, na maziko yasifanyike kabla daktari hajauchunguza mwili. Wazee watasema mnachelewesha mazishi. Wavumilieni, muwaeleze kwa upole, lakini msikubali. Sisi tulizika siku ya pili, tukazika na majibu yote ambayo mwili ungeweza kutupatia.

Kijana wa jirani alikamatwa kwa sababu ilisemekana ndiye mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, akakaa mahabusu wiki kadhaa, kisha akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Kwa familia yetu kuachiwa kwake kulikuwa ni uthibitisho kwamba pesa zimetembea. Kwa familia yake, kukamatwa kwake kulikuwa ni uthibitisho kwamba sisi tunataka kihamba chao. Tangu siku hiyo hatukuzikana wala kuoana, na wakifiwa, mama alifunga mlango wa mbele.

Nyanya yangu alilifunga lile jembe kwenye gunia akaliweka darini, pale ambapo moshi wa jiko hupanda kukausha mahindi. Kila Desemba, watoto na wajukuu tunapokusanyika kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, lilishushwa, gunia likafunguliwa, na mdogo kuliko wote akaonyeshwa huku akitajiwa jina la nyumba ya jirani. Hakuna aliyetuambia tulipe kisasi. Hapakuwa na haja ya kuambiwa.

Mwaka ambao mwanangu mwenyewe alifikia zamu ya kuonyeshwa jembe, nilimkuta ameliwekea mkono na kuniuliza, "Baba, nani alimwona akimpiga?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na kazi, na kwa maisha yangu yote sikuwahi kuuliza swali ambalo mtoto wa miaka saba aliliuliza kwa dakika moja.

Ndipo nilipoanza kazi ambayo nakushauri nawe uifanye, nayo inahitaji daftari na subira kuliko ujasiri. Niliwaendea wazee mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, kamwe si katika kikao, kwa sababu mbele ya wenzake mzee husema kile ambacho ukoo umekubaliana kusema. Nilichora mstari katikati ya kila ukurasa. Upande mmoja niliandika alichokiona au kukisikia kwa masikio yake mwenyewe, upande wa pili nikaandika alichoambiwa, na nani alimwambia. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka jambo lililoonekana lielezwe na shahidi anayesema kwamba aliliona yeye mwenyewe, na nilipoanza kupima maneno ya nyumbani kwetu kwa kipimo hicho nilipata uchungu ambao sikuutegemea. Watu 11 walikuwa na hakika kabisa ya nani aliua. Kati yao, wawili tu walikuwa na chochote cha kuandikwa upande wa kwanza: shangazi alisikia mbwa wakibweka upande wa juu wa mfongo, wala si upande wa jirani, na mama yangu aliona mwanga wa kandili ukishuka kutoka huko juu. Waliobaki walikuwa wameambiwana wao kwa wao, na nilipofuatilia nani alimwambia nani, maneno yalizunguka mpaka yakarudi kwenye ugomvi wa kilabuni.

Nilipouliza nani alikuwa na zamu ya maji kabla yetu, wazee watatu walinyamaza, na wa nne akanijibu, "Mwanangu, hayo yaache." Zamu ilikuwa ya mtu wa ukoo wetu. Sisemi kwamba aliua, wala sitasema, maana nitakuwa nimerudia kosa lile lile kwa jina jingine. Ninachokwambia ni kwamba ukianza kuuliza kwa haki lazima uwe tayari swali liingie nyumbani kwako, na kama hauko tayari kwa hilo ni afadhali usianze, kwa sababu uchunguzi unaosimama kwenye mlango wa jirani hauongezi kitu ila kuni kwenye moto uliopo.

Jingine nililolikuta katika daftari ni habari ya chungu cha laana. Miaka ile wazee wetu walitishia kuvunja chungu, yaani kumwapiza muuaji na kizazi chake, na hata leo sijapata uhakika kama walivunja kweli. Tishio lenyewe lilitosha. Kuanzia hapo kila kifo katika nyumba zote mbili kilihesabiwa: mtoto aliyekufa kwa malaria, mama aliyefariki akijifungua, mpwa aliyepata ajali ya basi. Jirani akifiwa, sisi tulisema chungu kinafanya kazi. Sisi tukifiwa, wao walisema tumejilaani wenyewe. Ikiwa katika ukoo wenu kuna mtu anayependekeza njia hii, mzuieni mapema. Kiapo cha namna hiyo huyageuza maradhi na ajali kuwa ushahidi, na mkishafika hapo hakuna daktari wala hakimu anayeweza kuwasaidia.

Ushauri ninaoutilia mkazo kuliko yote ni kuutenganisha mgogoro wa ardhi na kifo. Kwetu mambo hayo mawili yalikuwa yamesukwa kamba moja, na kila aliyejaribu kufungua fundo la mpaka aliambiwa anauza damu. Nilipokwenda kupima mpaka na mzee mmoja asiye wa upande wowote, alinionyesha mashina ya masale ya zamani yaliyokauka, hatua nne kamili ndani ya kile tulichokiita kihamba chetu upande wa jirani. Wazee wetu waliung'oa mstari na kuupanda upya wiki chache baada ya mazishi, wakati kijana wa watu akiwa mahabusu. Tulikuwa tumeidai haki ya marehemu kwa miaka 30 huku tukikaa juu ya ardhi iliyochukuliwa katika msiba wake.

Ndugu yangu mmoja anayeijua sheria alinikumbusha kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo jirani hata akishitaki amekwisha kuchelewa. Yawezekana mahakamani hoja ya ndugu yangu ingeshinda. Nilimwomba aje asimame kwenye yale mashina, na aliposimama pale hakurudia tena hoja hiyo.

Kwa aliye kwenye hali kama hiyo, anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo ni la wajumbe 7, watatu wao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, halitoi hukumu za ardhi bali husuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 ndipo shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukuvuka kijiji.

Kabla ya kikao nilikwenda kwa mama wa nyumba ile nikiwa na jani la isale mkononi. Kwa Wachaga anayekuja na isale anaomba msamaha, na si rahisi kumkataa. Nilimwamkia shikamoo, mara ya kwanza maishani mwangu. Alikaa kimya muda mrefu, akalipokea jani, akasema, "Marahaba. Lakini mwanangu, hili ni la nini? Mwanangu mimi hakumuua baba yako mdogo." Nilimjibu kwamba isale ni la mpaka, na kwamba habari ya kifo sina haki ya kuisamehe wala kuiombea msamaha, kwa kuwa bado hatujui. Nadhani hapo ndipo aliponiamini, kwa maana hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwambia kwamba hatujui.

Mpaka umerudi mahali pake, na masale mapya yamepandwa mbele ya wajumbe wa baraza na vijana wa pande zote mbili. Kosa la mauaji halina ukomo, kwa hiyo nilipeleka nakala ya daftari polisi, pamoja na majina ya wazee wawili walio hai ambao waliona jambo kwa macho au kulisikia kwa masikio yao. Jembe nalo nilipeleka, ingawa najua jivu na miaka vimekwisha kulisafisha. Askari wa zamu aliliandika kwenye kitabu, akafunga kipande cha karatasi kwenye mpini. Mama alipoona dari liko wazi aliniuliza Desemba tutawaonyesha nini watoto. Nilimwonyesha mstari wa masale, yakiwa bado mafupi kiasi cha goti, na mwanangu akiwa upande wa pili akimwamkia yule bibi.